Sindano Inatuliza Gauti, Haiiondoi

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 46, naenda Tunduma na kurudi Dar. Mwaka wa tatu sasa kidole gumba cha mguu wa kushoto kinavimba ghafla usiku, kinakuwa chekundu, na maumivu yake hayasemeki. Mara ya mwisho kilinishikia Makambako, nikashindwa kukanyaga klachi, ikabidi utingo wangu atafute dereva mwingine. Nikichomwa sindano ya diklofenaki kesho yake naamka mzima, lakini baada ya miezi miwili mitatu kinarudi, na safari hii kimepanda hadi kifundo. Nina presha, natumia haidroklorothiazaidi. Nimepima asidi ya yuriki, ikaja 8.4. Nimeambiwa niache nyama zote, maharage na mchicha, na nimeandikiwa alopurinoli, dawa ya kushusha hiyo asidi. Kaka yangu aliwahi kuitumia, gauti ikamzidi, akaitupa. Je, nikianza ndiyo ya maisha? Haitaniharibu figo? Na mwezi wa kumi na mbili ninaoza binti, hata pilau nisionje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole na hicho kidole. Asiyewahi kushikwa hawezi kuelewa jinsi shuka jepesi linavyogeuka gunia la mahindi.

Maelezo yako ni ya gauti hasa, ile ambayo kamusi zetu zinaiita jongo. Maumivu yanalipuka usiku, kwenye kiungo kimoja, mara nyingi kidole gumba cha mguu, yanafika kileleni ndani ya siku moja, kisha yanapoa yenyewe kwa wiki moja au mbili hata usipomeza kitu. (Huko kupoa yenyewe ndiko kunakowapa sifa waganga wengi wasiostahili.) Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi kila anayeumwa miguu anapelekwa kupima asidi ya yuriki, na ikizidi kidogo anaambiwa ana gauti. Sivyo. Watu wengi wana asidi iliyozidi na hawatashikwa hata siku moja. Na kinyume chake kipo: ukipima katikati ya shambulio, majibu yanaweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali mguu unawaka, ndiyo maana tunarudia kipimo wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Kipimo kisicho na ubishi ni kuvuta majimaji ya kiungo kwa sindano na kuzitafuta fuwele, yaani chembe ngumu za asidi hiyo, kwa darubini maalumu. Hospitali nyingi hazina darubini hiyo, na kwa mtu mwenye historia kama yako hatusubiri mpaka ipatikane.

Ila kuna hali moja ambayo sitaki uisubirishe hata kwa saa chache: kiungo kimoja kimevimba, kina moto, na una homa, unatetemeka. Hapo usiseme "ni gauti yangu ileile". Huenda kuna usaha ndani ya kiungo, na usaha unakila kiungo kwa siku chache. Egesha lori, nenda hospitali.

Sasa hiyo 8.4 ina maana gani? Kila siku mwili unavunja chembe zake zilizochakaa, na ndani yake kuna kitu kinachoitwa purini. Purini ikivunjwa inaacha asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuimaliza asidi hiyo; sisi binadamu hatuna, kwa hiyo tunategemea figo ziikojoe, na sehemu ndogo inatoka kwa njia ya choo. Kama theluthi mbili ya asidi hiyo inatengenezwa na mwili wenyewe. Chakula kinaleta iliyobaki. Na kwa wagonjwa walio wengi tatizo halianzii sahanini. Linaanzia kwenye figo ambazo, kwa kurithi au kwa sababu nyingine, zinaitoa polepole mno.

Koroga chumvi kwenye glasi ya maji. Utafika mahali haiyeyuki tena, inatuama chini. Asidi ya yuriki inafika hapo kwenye miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu. Ikizidi hapo kwa miaka, inaanza kujenga fuwele zenye ncha kama sindano, na inapenda sehemu zenye ubaridi, ndiyo maana huchagua vidole vya miguu kabla ya nyonga. Siku askari wa mwili wakizigundua fuwele hizo, wanazivamia, na vita hiyo ndiyo uliyoisikia Makambako. Wewe uko 8.4, kwa hiyo unajenga fuwele usiku na mchana, hata wiki ambazo huumwi. Maabara nyingine zingekuandikia maikromoli 500 kwa lita. Ni kiasi kilekile, vipimo tofauti, usije ukadhani imepanda.

Diklofenaki inaituliza vita. Haigusi fuwele hata moja wala haishushi asidi. Wavuvi wana chombo kinaitwa upo, cha kufulia maji yanayoingia mtumbwini. Miaka mitatu umekuwa ukifua maji, tena kwa bidii, na tundu liko palepale. Na tundu linapanuka: ndiyo maana mashambulio yamehama kutoka kidoleni kwenda kifundoni.

Nakumbuka mzee mmoja mstaafu aliyekuja na vinundu kwenye viwiko vyote viwili, akidhani ni majipu. Ngozi ya juu ilikuwa nyembamba, inang'aa. Kimoja kilikuwa kimepasuka, kinatoa kitu cheupe kama chaki iliyoloweshwa. Ile haikuwa usaha, ilikuwa asidi ya yuriki yenyewe, imejilimbikiza. Alikuwa amechomwa sindano za maumivu kwa miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kuna dawa ya kuishusha.

Unauliza kama alopurinoli itakuharibu figo. Swali zuri, ila limeelekezwa kwa mshtakiwa asiye yeye. Dawa ya kuogopwa na mtu mwenye presha, anayetumia kidonge cha kukojosha, anayekaa juani kutwa bila kunywa maji, ni hiyo diklofenaki unayochomwa bila swali. Inabana mishipa inayolisha figo, inapandisha presha, inatoboa tumbo. Ibuprofeni na indometasini ni ukoo mmoja nayo. Alopurinoli hata wenye figo dhaifu tunawapa, isipokuwa tunaanza na kiasi kidogo zaidi. Wala si dawa ya majaribio: ilitoka kwenye kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1988 kwa dawa hii na nyinginezo, na ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtu anayeshikwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, kama wewe, tunaipendekeza bila kusitasita.

Tuje kwa kaka yako. Sikuwepo, lakini naweza kukisia, kwa sababu kisa chake nakisikia kila mwezi. Alipewa miligramu 300 siku ya kwanza, hakupewa kinga yoyote, wiki ya tatu akashikwa vibaya kuliko kawaida, akaamua dawa ndiyo mchawi. Ukweli ni kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi. Asidi ikishuka ghafla, fuwele zilizotulia kiungoni zinaanza kumeguka, vipande vinatawanyika, na mwili unavivamia. Ni kama kusafisha stoo iliyofungwa miaka kumi: siku ya kwanza vumbi linajaa nyumba nzima.

Ndiyo maana tunaanza polepole. Kwa kawaida ni miligramu 100 kwa siku, au 50 kama kipimo cha figo si kizuri. Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza pima kriatinini. Baada ya wiki nne hivi unapima asidi, daktari anaongeza 100, unapima tena, anaongeza tena, mpaka ifike chini ya 6. Mtu mwenye vinundu kama vya yule mzee tunamtaka chini ya 5. Wengine wanafika kwa 300, wengine wanahitaji 400 au 500, na hakuna aibu katika hilo. Kosa ninaloliona kuliko yote ni mgonjwa kuandikiwa 300, kuambiwa "endelea hivyohivyo", na asipimwe tena. Anameza mwaka mzima, asidi iko 7.2, anashikwa, anasema alopurinoli haifai. Shika namba hiyo kichwani: chini ya 6. Ukitoka kwa daktari bila kujua asidi yako imefika ngapi, rudi ukaulize.

Pamoja nayo, kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, tunampa mgonjwa kolkisini ya miligramu 0.5 mara moja kwa siku, kuzuia hayo mashambulio ya vumbi. Na ukishikwa ukiwa tayari umeanza alopurinoli, usiiache. Tibu shambulio, endelea na dawa. Kuianza na kuiacha, kuianza na kuiacha, ni kujitafutia maumivu kwa fedha yako mwenyewe.

Hatari yake ya kweli ni nyingine kabisa, na ni nadra. Watu wachache miili yao inaikataa, hasa katika miezi miwili mitatu ya kwanza: upele unaosambaa, homa, vidonda mdomoni, macho mekundu. Ukiona upele wowote, acha siku hiyohiyo na uende hospitali. Usisubiri uone kama utapotea, wala usiijaribu tena kimyakimya baadaye. Na kwa wanaosoma hapa wakiwa wanatumia azathioprini, dawa ya kupunguza kinga ya mwili, mwambieni daktari kabla. Dawa hizi mbili pamoja zinaweza kuangusha chembe za damu.

Kama ni ya maisha? Kwa walio wengi, ndiyo, kama ilivyo dawa yako ya presha. Ukiacha, asidi inarudi ilikokuwa na fuwele zinaanza kujengwa upya. Hazikuumi mwezi huo, ndipo watu wanapodanganyika. Yule mzee wangu, baada ya mwaka na nusu wa vidonge vya kila siku, viwiko vyake vilikuwa vimesinyaa hadi shati la mikono mirefu linapita bila kukwama.

Umetaja haidroklorothiazaidi, na nashukuru umeitaja, maana wengi hawasemi. Dawa hiyo inazifanya figo zishikilie asidi ya yuriki. Furosemaidi nayo hivyo, na asprini ya kila siku ya dozi ndogo nayo inafanya hivyo, ila kidogo. Usiiache mwenyewe, presha ya dereva ikipasuka barabarani hafi peke yake. Muulize daktari wako kama unaweza kuhamia losatani, ambayo inasaidia kidogo kuitoa asidi, au amlodipini. Nyingine ambayo huku kwetu hatuitaji vya kutosha ni dawa za kifua kikuu: pirazinamidi inapandisha asidi sana, na ethambutoli pia. Aliye kwenye dozi ya kifua kikuu akaumwa viungo, asikimbilie kujiita mgonjwa wa gauti wala asiache dozi, aseme kliniki.

Haya, chakula. Nimekiweka huku chini makusudi, kwa sababu watu wanaanzia na kuishia hapo. Mlo mzuri sana, wa nidhamu, unashusha asidi kwa kama miligramu 1. Toa 1 kwenye 8.4: inabaki 7.4, bado juu ya pale inapotuama. Kwa hiyo usijilaumu, na asikulaumu mtu kwamba umejitakia kwa ulafi. Chakula kinapunguza mashambulio, kinasaidia presha na kitambi, lakini kwa kiwango chako peke yake hakitoshi.

Maharage na mchicha, rudisha mezani. Ni kweli vina purini, na orodha za zamani zilivikataza. Lakini mwaka 2004 Hyon Choi na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wanaume kwa miaka 12: nyama na vyakula vya baharini viliongeza gauti, mboga zenye purini hazikuongeza, na maziwa yalipunguza. Mtu mwenye presha ukimnyima nyama, kunde, choroko na mchicha, unadhani atakula nini? Atakula chipsi.

Kinachokuumiza wewe nakijua bila kuuliza, maana njia hiyo nimeipita. Asubuhi Morogoro ni supu ya utumbo au kongoro na chapati mbili. Mchana Ruaha Mbuyuni au Iringa ni nyama choma, na pembeni soda baridi au kinywaji cha kuongeza nguvu ili usisinzie. Ukishapaki, bia mbili tatu. Chukua kimoja kimoja. Utumbo, maini, figo na moyo ndivyo vinavyobeba purini nyingi kuliko minofu. Supu ni mbaya kuliko nyama iliyotoka ndani yake, kwa kuwa purini inayeyukia kwenye maji. Ukila mnofu uliochemshwa ukaacha mchuzi, umeacha sehemu kubwa ya mzigo bakulini. Dagaa nao wamo, pole kwa ndugu zangu wa Mwanza na Kigoma, wapunguze. Sato wa kawaida mara mbili kwa wiki hana neno. Mayai kula.

Soda wengi hawaidhani. Sukari yake, nusu yake ni fruktosi, na ini likivunja fruktosi linazalisha asidi ya yuriki papo hapo. Juisi ya miwa na hivyo vinywaji vya nguvu ni njia ileile. Tunda zima halina shida. Bia inakupiga mara mbili: ina purini zake, na pombe inazizuia figo kutoa asidi. Mbege na busaa ni bia vilevile. Konyagi haina purini, lakini pombe ni pombe, na katika hii miezi ya kushusha asidi ningependa uiache kabisa. Kahawa kunywa, isiyo na sukari nyingi. Wanywaji wa kahawa wanaonekana kupata gauti kidogo kuliko wengine. Mtindi uliotolewa mafuta, kunywa kila siku.

Na maji. Madereva wengi wananiambia hawanywi ili wasisimame ovyo njiani. Weka chupa mbili za lita moja na nusu kando ya kiti, zote ziwe zimeisha kabla hujalala. Mkojo uwe wa rangi ya majani makavu, usiwe wa chai. Anayefunga Ramadhani aanze kunywa tangu futari na aendelee hadi daku, asibugie yote kwa mkupuo. Kitambi nacho kishuke taratibu. Wale wanaokaa njaa siku tano ili wapungue haraka wanapandisha asidi na kushikwa.

Maji ya ndimu kunywa ukipenda, hayakudhuru na hayatakuponya. Baikaboneti na magadi achana nayo, ni chumvi tupu kwa mtu wa presha. Vidonge na unga wa viungo unaouzwa stendi bila jina, naviogopa zaidi vile vinavyofanya kazi haraka. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu tembe zilizouzwa kama virutubisho vya viungo, na ndani yake kulikutwa diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote kwenye chupa.

Ukishikwa tena, na katika miezi ya mwanzo huenda ukashikwa, wahi. Kolkisini inafanya kazi vizuri ikimezwa ndani ya saa kumi na mbili tangu maumivu yaanze: vidonge viwili vya miligramu 0.5, saa moja baadaye kimoja, basi kwa siku hiyo. Ule mtindo wa zamani wa kumeza kila saa mpaka uharishe uachwe. Utafiti wa 2010 ulionyesha dozi ndogo inatosha sawa na kubwa, bila mateso ya choo. Kama figo si nzuri, au unatumia ritonaviri (ya VVU), au antibiotiki za klarithromaisini au erithromaisini, usiiguse kabla ya kuongea na daktari, maana inajazana mwilini na inaua. Kuna ua linaitwa Gloriosa, petali zake nyekundu na manjano zimepinda juu kama ndimi za moto, ndilo ua la taifa la Zimbabwe na huku kwetu linaota porini. Mizizi yake ina kolkisini hiyohiyo, bila kipimo. Mtu asikuchemshie. Wasiofaa kolkisini tunawapa prednisoloni kwa siku tano hivi, tukiangalia sukari na presha. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano, inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Na usiendeshe, mguu usioweza kukanyaga klachi hauna kazi nyuma ya usukani.

Kuhusu harusi: pilau kula, hongera sana. Sahani moja, vipande viwili vya nyama, kachumbari ya kutosha, maji badala ya soda, na supu ya alfajiri ya wapishi uwaachie wapishi. Anza alopurinoli sasa, usingoje wiki ya shughuli, ili mwezi wa kumi na mbili ukukute vumbi limeanza kutulia. Kolkisini iwe mfukoni mwa koti. Viatu vaa vipana. Vile vya ncha mwachie bwana harusi.